Barua za wakulima: bwana shamba, halmashauri na mkoa, mlango upi ubishe?

Barua za mwezi huu zimetoka Tanzania Bara, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ofisi ipi inahusika na shida yangu, na niende na nini mkononi ili nisirudishwe. Tumezijibu kwa urefu tofauti, kadiri kila swali linavyodai.

Tuliandika barua kwa Mkuu wa Mkoa kuomba bwana shamba na mbegu. Baada ya miezi, tukaambiwa twende kwa mkurugenzi wa halmashauri. Sasa mkoa una kazi gani kwenye kilimo? (Katibu wa kikundi, Nyanda za Juu Kusini)

Ndugu katibu, barua yenu ilikuwa na haki lakini ilipanda ngazi mapema mno. Mkoa hauajiri bwana shamba wa kijiji chenu, wala hauna ghala la mbegu. Sekretarieti ya Mkoa, iliyo chini ya Katibu Tawala wa Mkoa, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ili kuzishauri na kuzisimamia halmashauri. Ndani yake ipo Seksheni ya Uchumi na Uzalishaji, yenye wataalamu wachache wa kilimo, mifugo na ushirika. Hao hukusanya takwimu za mazao na hali ya chakula, hukagua miradi ya halmashauri, na huunganisha wilaya zinapopatwa na janga moja, kwa mfano wadudu waliovuka mpaka.

Watendaji wako halmashauri. Mkuu wa Idara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi (siku hizi nyaraka nyingi huandika Divisheni, na wazee bado wanamwita DALDO au DAICO) yuko chini ya Mkurugenzi Mtendaji. Chini yake wapo maafisa ugani, yaani mabwana shamba, wa kata na vijiji. Hawa wako chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, si Wizara ya Kilimo. Wizara hutunga sera na kusimamia taasisi za kitaifa: TFRA kwa mbolea, TOSCI kwa mbegu, TARI kwa utafiti, TPHPA kwa afya ya mimea na viuatilifu. Ndiyo maana bwana shamba anaweza kukufundisha kutumia mbolea lakini hawezi kukupangia bei ya ruzuku, na Wizara inaweza kupanga ruzuku lakini haiwezi kumhamishia bwana shamba kijijini kwenu.

Kama kijiji hakina afisa ugani, njia ni hii. Suala liingizwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji na lionekane kwenye muhtasari. Mtendaji wa kijiji alipeleke kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na diwani wenu alipeleke kwenye kamati ya halmashauri inayohusika na uchumi. Muhtasari wenye mhuri ni maombi yasiyopuuzwa kirahisi. Barua ya kikundi peke yake ni rahisi kuachwa kwenye jalada. Mkoa mwende nao baadaye, mkiwa na nakala za hatua zote hizo, kama halmashauri imenyamaza.

Nimejiandikisha ruzuku ya mbolea lakini msimu huu wakala anasema jina langu halina mifuko. Jirani yangu mwenye shamba dogo kuliko langu amepata. Nifanyeje? (Mama mkulima, Songwe)

Pole mama. Tuanze na jinsi mfumo unavyofanya kazi, maana kosa karibu kila mara liko kwenye hatua mojawapo.

Ruzuku ya sasa ilianza msimu wa 2022/2023, na Rais aliizindua kwenye Nane Nane, Mbeya. Mwaka huo mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umevuka shilingi 130,000 ulishushwa hadi 70,000. Mkulima huandikishwa kijijini: jina, kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba na zao. Taarifa huingia kwenye mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na TFRA. Baadaye hupokea kwa simu namba yake ya mkulima, na kwa namba hiyo huenda kwa wakala aliyesajiliwa. Wakala hufungua taarifa zake, huona amebakiwa na kiasi gani, kisha humuuzia.

Kwa hiyo kagua mambo manne kwa mpangilio huu.

Kwanza, laini ya simu. Wengi waliandikisha namba ya mtoto au ya jirani, au wamebadili laini. Ujumbe unakwenda kwa mtu mwingine, na namba yako ikijulikana inaweza kutumika bila wewe kujua. Pili, ukubwa wa shamba. Ukiandikwa ekari 1 badala ya 4, mfumo utakupa mgawo wa ekari 1, na hapo jirani mwenye shamba dogo atakupita. Tatu, kuhuisha taarifa. Kuandikishwa mara moja hakutoshi, maana taarifa huhuishwa kabla ya msimu, na jina ambalo halijaguswa linaweza kukaa bila mgawo mpya. Nne, matumizi ya nyuma. Mwombe wakala akuonyeshe kama namba yako imeshachukua mbolea, lini na mifuko mingapi.

Tatizo la kwanza, la pili na la tatu hurekebishwa kijijini, kwa mtendaji na afisa ugani. Nenda na kitambulisho na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. La nne ni la kuripoti: andika tarehe, jina la duka na idadi ya mifuko, upeleke kwa afisa kilimo wa wilaya ambaye atawasiliana na TFRA. Usisubiri hadi mahindi yamefika magotini. Marekebisho ya rejista yafanyike miezi miwili kabla ya mvua, wakati ofisi bado haijajaa watu.

Na tafadhali mama, usimwachie wakala namba yako "akutunzie". Hiyo namba ndiyo mfuko wenyewe.

Bwana shamba wetu anasema tupime udongo kabla ya kununua mbolea. Je, ni kazi yake kuja kupima, au tupeleke wenyewe? Na tukipata majibu tunayatumiaje? (Wakulima wa mahindi, Njombe)

Hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, kwa sababu fedha nyingi za wakulima hupotelea hapa.

Kuchukua sampuli kwa usahihi mnaweza wenyewe. Bwana shamba awafundishe mara ya kwanza, kisha mwendelee. Baadhi ya halmashauri zina vifaa vidogo vya kupimia shambani, ambavyo hutoa tindikali ya udongo (pH) na makadirio ya virutubisho. Kwa kuamua kama udongo ni mchachu, vinasaidia sana. Kwa picha kamili sampuli iende maabara, mfano kituo cha TARI Mlingano mkoani Tanga ambacho kazi yake kubwa ni udongo, au maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ulizeni gharama mapema, na mwombe idara ikusanye sampuli za kijiji kizima zisafirishwe kwa pamoja.

Namna ya kuchukua:

Gawa shamba kwa sura yake. Mteremko peke yake, bondeni peke yake, sehemu yenye udongo mwekundu peke yake, sehemu iliyowahi kuwa zizi peke yake. Ukichanganya bonde na mlima utapata jibu la shamba ambalo halipo.

Katika kila sehemu tembea kwa mwendo wa zigizaga na uchimbe mahali 15 hadi 20. Ondoa majani ya juu bila kukwangua udongo, chimba shimo lenye umbo la V hadi sentimita 20, kisha kata ubavuni kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini. Ruka vichuguu, njia, kingo za shamba, chini ya miti, mahali palipochomwa takataka na palipomwagwa mbolea au samadi.

Weka vyote kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati huongeza zinki kwenye majibu, na ndoo iliyobeba mbolea huharibu kila kitu. Vunja mabonge, changanya vizuri, mwaga juu ya turubai, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki. Rudia mpaka ubaki na nusu kilo hivi. Anika kivulini, si juani wala jikoni. Funga kwenye mfuko safi, na uandike kijiji, sehemu ya shamba, kina, tarehe, zao lililopita na zao linalokuja. Maandishi ya kalamu ya wino hufutika kwa unyevu, basi tumieni penseli kwenye karatasi, na karatasi ikae kwenye mfuko wake mdogo.

Majibu yakija, anzeni na pH. Katika Nyanda za Juu Kusini mashamba mengi ni machachu. Chini ya 5.5, fosforasi hukamatwa na aluminiamu na chuma cha udongo, mhindi hauipati, na majani huwa na rangi ya zambarau hata kama mlitia DAP ya kutosha. Mkulima akiona hivyo huongeza mfuko mwingine, na fedha yake inakwenda kufungwa ardhini. Dawa hapo ni chokaa ya kilimo. Kiasi chake kitoke kwenye majibu ya kipimo, maana udongo wa kichanga na wa mfinyanzi wenye pH ileile hauhitaji kiasi sawa. Itawanyeni wiki kadhaa kabla ya kupanda na mchanganye na udongo kwa jembe, kwa sababu ikibaki juu haifanyi kazi kwenye mizizi. Msitumie chokaa ya kupakia nyumba, na msichanganye chokaa na urea au DAP katika ndoo moja: naitrojeni itatoka kama harufu kali ya amonia, na harufu hiyo ni fedha inayopaa.

Kwa udongo mchachu pia ulizeni mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfati wa mkoani Manyara. Tindikali ya udongo ndiyo inayouyeyusha mwamba huo, hivyo huko kwenu inafaa. Mkulima mwenye udongo wa magadi, pH karibu na 8, akiiga ushauri huu atapanda na mwamba utabaki mwamba.

Sasa vipimo. Ushauri wa kawaida kwa ekari moja ya mahindi ni mfuko 1 wa kilo 50 wa DAP wakati wa kupanda na mfuko 1 wa urea wa kukuzia, hadi majibu ya udongo yaseme vingine. Mkipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo karibu 9,000. Kilo 50 kwa mashimo 9,000 ni gramu 5 na nusu hivi kwa shimo, sawa na kifuniko kimoja cha soda kilichojaa. Mbolea iwe chini, ifunikwe na udongo wa vidole viwili, ndipo mbegu. Ikigusana na mbegu huiunguza, na mtasema mbegu ni mbovu.

Urea itiwe mahindi yakiwa usawa wa goti, udongo ukiwa na unyevu, sentimita 10 kutoka kwenye shina, na ifunikwe. Ikiachwa juu kwenye jua hugeuka gesi. Ikitiwa siku ya mafuriko inasombwa. Bwana shamba akisema "subirini mvua ya wastani", msimwone mwoga.

Viwavijeshi vamizi vimeingia mahindi, na huku kwetu pia kuna kweleakwelea kwenye mpunga. Serikali inapulizia lipi na mkulima lipi? (Mkulima, Mbarali)

Mgawanyo ni huu: visumbufu vinavyohama kwa makundi makubwa ni vya serikali, vinavyokaa shambani mwako ni vyako, kwa ushauri wa idara. Kweleakwelea, nzige na mlipuko wa viwavijeshi wa asili huangukia upande wa kwanza. Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini 2017, vimekuwa wakazi wa kudumu na viko upande wa pili.

Kwa kweleakwelea, ndege mmoja hula nafaka kama gramu 10 kwa siku. Kundi la ndege milioni moja hula tani 10. Kuwaamia kwa filimbi na makopo kunasaidia shamba moja na kuwahamishia kwa jirani. Kinachoangamiza kundi ni kupulizia mahali wanapolala au kuzaliana, jioni wanaporudi. Ndiyo maana taarifa ya "ndege wako shambani kwangu" haitoshi. Afisa ugani anahitaji kujua wanalala wapi. Kabla ya kumpigia, fuateni mwelekeo wao jua likizama. Andikeni jina la mahali, aina ya mimea (matete, miiba, miwa), ukubwa wa eneo kwa makadirio, kama kuna viota na makinda, na kama kuna maji, nyumba au mifugo karibu. Taarifa hiyo hupanda kutoka kata kwenda wilaya, mkoa, kisha TPHPA yenye makao makuu Arusha, ambako uamuzi wa kutuma ndege ya kupulizia au mashine hufanyika. Hapa mkoa una kazi kubwa kwelikweli: ndege hao hulala wilaya moja na kula nyingine, na ndege ya kupulizia haiwezi kuitwa na kila halmashauri kwa siku yake. Mkichelewa hadi mpunga umeiva, hata operesheni ikifanyika vizuri itakuwa imeokoa msimu wa mtu mwingine. Baada ya kupulizia, msiokote ndege waliokufa kwa kitoweo. Wana sumu.

Kwa kiwavijeshi vamizi, mtambue kwanza: kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Kagueni mara mbili kwa wiki kuanzia wiki ya pili baada ya kuota. Chagueni mahali 5 shambani, kila mahali mhesabu mimea 10 mfululizo. Kati ya mimea hiyo 50, kama 10 au zaidi ina majani yenye vijidirisha vyeupe na kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mhindi, pulizieni. Ikiwa ni 2 au 3, waokoteni kwa mkono na mkague tena baada ya siku tatu.

Kupulizia kunashindikana kwa sababu tatu hasa. Mkulima huchelewa, kiwavi amekuwa mkubwa na amejichimbia ndani ya moyo wa mhindi, akijifunika kwa kinyesi chake. Au anapulizia saa sita mchana, wakati kiwavi amejificha na dawa inakauka. Pulizieni alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, mdomo wa bomba ukielekea ndani ya moyo wa mmea. Au anarudia dawa yenye kiambato kilekile msimu mzima. Majina ya biashara mawili yanaweza kuwa dawa moja, basi someni kiambato hai kwenye lebo, mfano emamectin benzoate, na mzunguko unaofuata mtumie kiambato cha kundi jingine.

Kipimo cha maji kila mtu akipate kwa mwendo wake. Jaza bomba maji matupu, pulizia eneo la mita 10 kwa 10, kisha pima yaliyotumika. Zidisha mara 40, hilo ndilo hitaji la ekari. Ukitumia lita 2, ekari inahitaji lita 80, yaani mabomba 5 ya lita 16. Kiasi cha dawa kwa ekari kilichoandikwa kwenye lebo kigawe kwa mabomba hayo 5. Kipimo cha "kifuniko kimoja kila bomba" cha dukani hakijui wewe unatembea upesi au polepole.

Getini wamenitoza ushuru kwa magunia 8 ya mahindi niliyovuna mwenyewe nikiyapeleka nyumbani wilaya ya jirani. Ni halali? (Mkulima, Kanda ya Kati)

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na yaliondoa ushuru kwa shehena isiyozidi tani 1 inayotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia 8 ya kilo 100 ni kilo 800. Zaidi ya hapo, ushuru huu ni wa mnunuzi. Mkulima anayehamisha mavuno yake hajauza kitu.

Viwango huguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo mwulize afisa biashara au mweka hazina wa halmashauri nakala ya viwango vya mwaka huu kabla ya mavuno. Safiri na barua fupi ya mtendaji wa kijiji inayotaja idadi ya magunia na kwamba ni mazao yako. Ukitozwa, dai risiti ya mashine yenye jina la halmashauri, tarehe na kiasi. Kwa risiti hiyo ndiyo utamwandikia mkurugenzi kudai fedha yako. Pasipo risiti, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ulilipa.

Sisi ni kikundi cha vijana. Tunataka mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 kulima nyanya. Andiko letu limerudishwa mara mbili. Wanataka nini?

Vijana wetu, mkopo huu hutoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Unasimamiwa na Maendeleo ya Jamii, si Idara ya Kilimo. Lakini mchanganuo wa shamba upitiwe na afisa kilimo, na hapo ndipo maandiko mengi huanguka, kwa sababu yameandikwa kwa kunakili andiko la kikundi kingine.

Wajumbe wa kamati hutazama kama namba zinaongea lugha moja. Chukueni ekari 1 ya nyanya kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50. Hiyo ni miche kama 10,800. Ongezeni asilimia 10 ya kujazia mapengo, inakuwa karibu 11,900. Kama andiko linasema miche 5,000 halafu mavuno ya ekari nzima, limejikataa lenyewe. Onyesheni maji: ekari moja ya mboga wakati wa kiangazi huhitaji kama lita 20,000 kwa siku, basi elezeni chanzo, pampu, mafuta na saa za kumwagilia. Onyesheni miti ya kuegeshea, kamba, matenga, usafiri na mtu wa kulinda. Wekeni bei ya mavuno ya msimu mbaya, si ile ya mwezi nyanya zilipoadimika.

Kikubwa zaidi ni ratiba ya marejesho. Nyanya huanza kuvunwa miezi mitatu hivi baada ya kuhamisha miche. Kikundi kinachokubali kurejesha kuanzia mwezi wa kwanza kitalipa kwa fedha ya dawa na mbolea, na shamba litakufa katikati. Ombeni kwa maandishi marejesho yaanze baada ya mavuno ya kwanza, na ambatanisheni kalenda ya zao iliyosainiwa na afisa kilimo. Pia hakikisheni cheti cha usajili, katiba, akaunti ya benki na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mkopo vyote vina jina la kikundi lililoandikwa kwa herufi zilezile. Tofauti ya neno moja inatosha kulirudisha jalada.

Nina pampu ya petroli na shamba kando ya mto. Kibali cha kuvuta maji naomba kwa mkurugenzi? (Mkulima wa vitunguu, Iringa)

Hapana. Maji ya mto si ya halmashauri. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde chini ya sheria ya mwaka 2009. Kwako ni Bonde la Rufiji, na ofisi yake iko hapo Iringa mjini. Bonde la Pangani liko Moshi, Wami/Ruvu liko Morogoro. Maombi yataje chanzo, mahali pa kuvutia, kiasi cha maji kwa siku, ukubwa wa shamba na zao. Afisa umwagiliaji wa halmashauri akusaidie kukokotoa kiasi, kwa sababu ukiomba kidogo utakuwa unavunja masharti kila siku, na ukiomba kingi utalipia maji usiyotumia.

Jambo jingine ni mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pampu inaweza kuweka bomba lake mtoni kwa kibali, lakini matuta ya vitunguu yasishuke hadi kwenye maji. Pima kwa kamba kabla ya kulima, maana kibali cha maji hakiwezi kukuombea msamaha wa hilo.

Bwana shamba akija anadai fedha ya mafuta ya pikipiki. Tumpe? (Wakulima, Kanda ya Ziwa)

Ushauri wa ugani ni huduma ya umma, na mshahara wake umelipwa. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani nchini, lakini mafuta na matengenezo hutoka kwenye bajeti ya halmashauri, nayo mara nyingi huchelewa. Msimlaumu yeye peke yake, lakini msifanye malipo kuwa desturi, maana asiye na fedha ndiye atakayeachwa.

Ifanyeni safari yake iwe na thamani. Badala ya kumwita kwa shamba moja, jikusanyeni 20 au 25, mchague shamba moja la robo ekari liwe shamba darasa, mkubaliane naye siku za mwaka mzima: maandalizi, kupanda, palizi ya kwanza na mbolea ya kukuzia, ukaguzi wa wadudu, mavuno. Gaweni robo hiyo vipande viwili, kimoja cha kawaida yenu na kimoja cha ushauri wake, kisha mpime mavuno kwa mizani. Ratiba hiyo ikisainiwa na mtendaji wa kata, nakala ikaenda kwa mkuu wa idara, safari zake zinaingia kwenye mpango kazi na mafuta yana mahali pa kuombewa. Kama bado anadai, andikeni kwa mtendaji wa kata, na ikishindikana kwa mkuu wa idara. Tajeni siku, mahali na kiasi.

Mbegu za mahindi nilizonunua hazikuota nusu yake. Nani wa kumshitakia? (Mkulima, Morogoro)

Mfuko uko wapi? Kama umetupwa, kesi imekuwa ngumu. TOSCI ndiyo yenye mamlaka juu ya ubora wa mbegu, na wilayani wapo wakaguzi wa mbegu walioidhinishwa, mara nyingi ndani ya Idara ya Kilimo. Watakuuliza mfuko wenye lebo na namba ya fungu la mbegu, risiti ya duka, mbegu zilizobaki walau gramu mia chache, na tarehe ya kupanda. Waite wakague shambani ndani ya wiki mbili, kabla palizi haijafuta ushahidi. Watafukua mistari kuona kama mbegu zimeoza, zimeliwa na mchwa, zimeunguzwa na mbolea au zilikuwa zimekufa tangu dukani. Sababu tatu za mwanzo si za muuzaji.

Msimu ujao fanya jaribio siku 7 kabla ya kupanda. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua, zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowana, mistari 10 ya mbegu 10, kikunje, kiweke mahali pa joto na uloweshe asubuhi na jioni. Siku ya saba hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi imara. Zikiwa 90 au zaidi, panda. Zikiwa 75, zirudishe dukani pamoja na risiti, na umjulishe afisa ugani siku hiyohiyo ili wengine wa fungu hilohilo wasipande.